Nilifunga Kitambaa Chekundu kwenye Rekoda Nzima

Mhariri, jina langu usilitoe. Kosa nililifanya mimi, kwa mikono yangu na kwa kiburi changu, wala hakuna aliyenisukuma. Nimekaa nalo tangu kabla ya bendera kubadilishwa, na kila nikidhani limelala, linaamka. Juzi limenifuata mpaka nyumbani kwangu ndani ya kifurushi cha posta, na sina tena pa kulificha. Basi nisomeni, ndugu zangu, na mkimaliza mnihukumu mnavyotaka.

Mimi ni fundi wa ala za muziki. Kwetu ni Likoni, katika watu wa mashamba, na tangu ujana wangu nilikuwa nikitengeneza gramafoni na redio za watu. Chuo kikuu kilipofungua tawi lake huku Changamwe, kikaweka na idara ndogo ya muziki, nikachukuliwa mimi kuangalia vyombo. Nilipewa chumba chenye dirisha la kutolea vitu, na ufunguo ukawa wangu peke yangu.

Humo ndani mlikuwa na piano mbili, na ndani ya kila piano niliacha taa ndogo ya umeme ikiwaka daima, maana unyevu wa pwani hii hula mbao na kutia nyuzi kutu. Mlikuwa na fidla sita, udi mmoja, harimonia, ngoma za kila namna, na rekoda moja. Nasema moja. Ilikuwa mashine ya kunasa sauti kwenye tepu, nzito ya kumvunja mtu mgongo, iliyoletwa kwa meli, na idara nzima iliigombania.

Kazi ilikuwa na taratibu zake. Mwenye haja huandika kikaratasi, akanipa dirishani, nami nikakichoma kwenye msumari, kila mmoja kwa zamu yake. Chombo kikiharibika, nakifunga kitambaa chekundu. Kitambaa kile hakuna aliyeruhusiwa kukifungua ila mimi. Hata mkuu wa idara, Mzungu mmoja mrefu asiyependa kelele, akikiona chekundu alikuwa akipita zake.

Na nilikuwa na utaratibu mwingine wangu mwenyewe, haukuandikwa popote. Dirishani pangu mtu husalimu kwanza. Ukija na "naomba fidla" kabla ya kuniuliza nimeamkaje, kikaratasi chako kilikwenda chini ya vyote, na ungekaa hapo ukisubiri mpaka ukome. Wanafunzi walinijua. Walikuwa wakinitania, "Subalkheri Fundi, mama watoto hajambo, watoto hawajambo, mbuzi je?" Nami hucheka nikawapa watakacho. Nilijiona mtu wa maana sana, wallahi. Nilidhani nafundisha adabu.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne, asubuhi. Dirishani palikuwa na wanafunzi watano sita, na udi ulikuwa mapajani mwangu naufunga uzi. Akaja mwalimu mmoja kijana, Mwalimu Wafula. Alikuwa mtu wa bara, wa kule magharibi kabisa, amepanga chumba Chaani, na hakuwa na mwaka tangu aje pwani. Kiswahili chake kilikuwa cha barabarani. Akawapita wanafunzi wote, akaweka mkono ndani ya dirisha langu, akapiga ubao.

"Wewe, lete rekoda," akasema. "Mimi iko na haraka."

Wanafunzi wakatazamana. Mmoja akacheka kidogo. Nikahisi damu imenipanda mpaka masikioni. Mimi, mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye watoto wanne, naambiwa "wewe lete" mbele ya watoto wa watu!

Nikaendelea kufunga uzi wangu. Sikumtazama. Nikasema polepole, "Rekoda mbovu, mwalimu."

"Mbovu? Jana nilisikia inalia."

"Jana ni jana," nikamjibu. Nikainuka, nikachukua kitambaa chekundu kwenye ndoano, nikakifunga kwenye mshikio wa rekoda mbele ya macho yake. Nilikifunga kwa madaha, nikakivuta na ncha zake zikae sawa. Wafula alikitazama kitambaa, kisha akaenda zake. Wanafunzi wakacheka, nami nikacheka nao.

Hivyo tu. Mashine nzima, isiyo na kasoro hata ya punje, nikaitia ugonjwa kwa sababu mtu hakunisalimu.

Nilikusudia kukifungua kitambaa jioni. Lakini mchana mkuu wa idara akapita, akakiona, akasimama. Akaniuliza imekuwaje. Sasa ningesemaje? Nikamwambia, "Bwana, haivuti sauti vizuri, nitaifungua niitazame." Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaandika kwenye daftari lake. Na neno likishaandikwa kwenye daftari la Mzungu yule, kulifuta ilikuwa kazi. Nikaona bora nikae siku mbili tatu, kisha niseme nimeitengeneza.

Alhamisi Wafula akarudi. Hakuja peke yake. Alikuja na mzee mmoja mwembamba, amevaa koti zito la watu wa baridi katika joto lile, na kwapani ana gunia. Wafula akasimama mbali na dirisha, akangoja wanafunzi wote waishe. Kisha akasogea, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Fundi," akasema.

"Marahaba," nikajibu. Nilijua kabisa kwamba kuna mtu amemfundisha.

"Huyu ni baba yangu. Jina lake Mzee Nyongesa."

Mzee akanipa mkono wake wa kulia, na wa kushoto akashika kiwiko cha ule wa kulia, kama wafanyavyo kwao. Akaniamkia kwa Kiswahili kidogo alicho nacho. Sauti yake ilikwaruza, ikakatika katikati ya neno, akakohoa, akamalizia. Koo lilikuwa limevimba upande mmoja, aliufunika na kola ya koti.

Wafula akanieleza, na leo nikikumbuka alivyokuwa akitafuta maneno, moyo wanichoma. Baba yake ana uvimbe kooni. Amemleta kutoka kwao kwa garimoshi kwa sababu kulikuwa na daktari bingwa anayepita pwani siku chache tu, na siku ya kupasuliwa imekwisha kuwekwa, Jumanne ijayo asubuhi. Daktari amewaambia wazi kwamba mzee atapona, lakini sauti haitabaki. Kisanduku cha sauti kitatolewa chote. Baada ya Jumanne mzee hatasema tena mpaka anaingia kaburini.

"Baba ni mwimbaji," akasema Wafula. "Hapa ndani kuna litungu lake." Akaligusa lile gunia, na mzee akalifungua kidogo nikaona ala ya nyuzi saba, na kibao kilichowambwa ngozi. "Anajua nyimbo za ukoo wetu. Wote waliozaa wengine, tangu mwanzo, na walikopita. Ndugu zake wamekufa. Mimi nilipelekwa shule ya misheni nikiwa mdogo, sikujifunza. Siku ile nilikuja mbio kutoka hospitali, Fundi. Nilikuwa nimeambiwa habari hiyo saa ileile. Unisamehe."

Mtu ananiomba msamaha! Na kitambaa changu chekundu kimening'inia nyuma yangu.

Jamani, hapo ndipo pangekuwa pa kuligeuza. Ningesema, "Mwalimu, nilikasirika, mashine nzima hii hapa, chukua." Neno moja tu. Lakini mlango wa pembeni ulikuwa wazi na mkuu wa idara alikuwa chumba cha pili, nasikia anakuna kalamu. Nikaogopa. Nikaona nikisema sasa, nitaitwa mwongo na huyu kijana wa bara, na Mzungu atasikia, na kazi yangu itaingia mchanga. Nikasema, "Inshallah, nitajitahidi."

Wafula akauliza kama ajaribu kwenda kuomba mashine kwa watu wa redio kule mjini. Alikuwa tayari kwenda siku ileile.

"Usijisumbue," nikamwambia. "Hii nitaimaliza mimi."

Mnaona nilivyomfungia njia? Hata mlango wa jirani niliufunga. Na nataka mjue nilikuwa na mawazo gani, maana nimeapa kusema yote. Nilikuwa nimekwisha kupanga nitakavyosifiwa. Nilitaka Jumamosi nimkabidhi rekoda, niseme nimehangaika nayo siku mbili, na mzee anipe mkono tena, na habari ienee kwamba Fundi wa Likoni ameiokoa. Nilitaka kushukuriwa kwa kumrudishia mtu kitu nilichomnyima.

Ijumaa asubuhi nikaifungua rekoda ili mkuu akipita aone kazi inafanyika. Nikatoa skrubu zote nikazipanga kwenye sahani. Nikatoa vigurudumu. Nikatoa mkanda wa mpira, ule unaozungusha gurudumu la tepu, mwembamba tu. Nikautundika kwenye kitasa cha dirisha. Hapakuwa na sababu ya kuutoa. Nilitaka meza ijae vyuma, basi. Mkuu akapita kweli, akaniambia, "Kazi nzuri." Saa sita nikafunga chumba nikaenda kusali Ijumaa.

Dirisha lile linatazama magharibi. Wenye kujua jua la Changamwe la mchana, pale penye mabati ya maghala, wataelewa. Mkanda ulikuwa wa miaka, umekwisha kula chumvi ya hewa yetu. Mahali pake ndani ya mashine ungedumu. Juani haukudumu.

Jumamosi asubuhi nikaja napiga mluzi. Nikauchukua mkanda nikauvuta kuurudisha, ukanikatikia mkononi vipande viwili. Nikauangalia. Nikauunganisha kwa gundi, ukakatika pengine. Jasho likanitoka mpaka miguuni. Rekoda iliyokuwa nzima sasa ilikuwa mbovu kweli, na aliyeiharibu ni mimi nilipokuwa najifanya kuitengeneza.

Nilikwenda mjini, nikazunguka maduka yote ya redio. Kwa Mhindi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wote walinijua, wote walinionea huruma, hakuna aliyekuwa na mkanda wa namna ile. Mmoja akasema uagizwe Ulaya. Nikapita hata mbele ya jengo la watu wa redio. Nikasimama ng'ambo ya barabara nikilitazama, nikijua mashine zimo humo. Lakini kuingia kuomba kungetaka barua ya mkuu, na barua ya mkuu ingetaka maelezo. Nikageuka nikarudi Likoni.

Jumapili sikula. Mke wangu Mwanasiti akaniuliza kama ninaumwa, nikamwambia ni tumbo.

Jumatatu nikapata shauri. Nikachukua mpira wa ndani wa baiskeli, nikakata ukanda mwembamba kwa wembe, nikaushona, nikautia ndani ya rekoda. Nikajaribu. Nikasema, "Moja, mbili, tatu, Fundi hapa," nikairudisha, nikasikia sauti yangu, nene kidogo lakini yasikika. Nilijaribu kwa dakika moja tu, kwa sababu saa ilikuwa imekwenda na niliogopa nikijaribu zaidi nitaona nisichotaka kuona. Nikafungua kitambaa chekundu. Wafula alipoiona mashine imefungwa vizuri machozi yalimlenga. Tukaibeba pamoja, huku mimi huku yeye, mpaka kwenye gari la chuo, tukaenda hospitali saa ya kutazama wagonjwa.

Mzee Nyongesa alikuwa ameketi kitandani amelipakata litungu. Wauguzi walikuwa wamempa ruhusa, na wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wamegeuka wote kusikiliza. Tulikuwa na saa moja mpaka kengele. Nikatia waya ukutani, nikaweka kipaza sauti juu ya mto, nikawasha.

Akaimba. Siwezi kuwaambia maneno kwa sababu sikijui Kibukusu, lugha yao. Lakini sauti ile iliyokuwa ikikatika kwenye salamu haikukatika kwenye wimbo. Ilikuwa na mikwaruzo, ilikuwa chini, lakini ilikwenda. Wafula alikuwa na daftari, ananinong'oneza, "Sasa amefika kwa babu wa babu. Sasa anamtaja mwanamke aliyevuka mto na watoto." Uso wake ulikuwa umefunguka. Sijamwona hivyo kabla wala baada.

Kama robo saa ilipopita nikauona ukanda. Mashine ilikuwa imepata moto, na mpira wa baiskeli ukaanza kulegea. Gurudumu la tepu likawa linakwenda, linasita, linakwenda tena. Mtu asiyejua asingeona kitu. Mimi nilikuwa nimeketi nalo uso kwa uso, na fundi wa miaka ishirini hawezi kusema hakujua. Nilijua kwamba kila neno linaloingia pale linaingia limepinda.

Nikanyamaza. Nikaweka mkono juu ya kifuniko kama ninayeishikilia isitikisike, kumbe nafunika.

Halafu likatokea lile ambalo hasa ndilo linaloniandikisha barua hii. Katikati, mzee akaacha kupiga. Akanywa maji kwa shida, akamshika mwanawe kifundo cha mkono, akamwambia kitu kwa kwao. Wafula akanigeukia.

"Baba anauliza," akasema, "kama tepu inaendelea vizuri. Kama inaendelea, aimbe mpaka mwisho. Kama kuna shida, aache, atumie muda uliobaki kuzungumza na mimi. Anasema ana maneno mengine, ya mimi na yeye tu."

Walikuwa wananitazama wote wawili. Ilikuwa imebaki nusu saa.

"Aendelee," nikasema. "Mashine inakwenda vizuri."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akalishika litungu lake, akaimba. Aliimba mpaka jasho likawa linamtiririka kwenye kola, mpaka wimbo ukaisha, na kengele ikalia palepale. Nusu saa ya mwisho ya sauti yake duniani, badala ya kumwambia mwanawe aliyokuwa nayo moyoni, aliiimbia mashine niliyojua haisikii. Na aliyemwambia afanye hivyo ni mimi.

Muuguzi akatupa dakika chache tusikilize. Nikarudisha tepu nikawasha. Ilitoka sauti kama ya mlevi. Inavutika, inakimbia, inazama, inapiga kelele nyembamba kama mbuzi, inazama tena. Neno hata moja halikushikika. Mgonjwa mmoja akacheka, kisha akajifunika mdomo. Wafula alisimama hapohapo, akalifunga daftari lake. Mzee alisikiliza kidogo, akainua mkono nizime, nikazima.

Akanishika bega, akasema maneno mawili matatu. Nilidhani ananilaani, na ningeona nafuu. Wafula akanifasiria.

"Anasema usihuzunike. Anasema ameona ulivyojitahidi."

Wakatutoa nje. Kesho yake mzee akapasuliwa, na madaktari wakafanya kazi yao vizuri kabisa, akapona. Alikaa miezi miwili Chaani kwa mwanawe. Nilikwenda kumtazama mara moja tu. Alikuwa kwenye kiti mlangoni, na litungu mapajani, anapiga nyuzi. Alipofika mahali pa kuimba alifungua kinywa, akakifunga, akaendelea kupiga. Nikaacha machungwa niliyochukua, nikatafuta sababu ya kuondoka.

Mngedhani yaliishia hapo. Wafula alimwandikia mkuu wa idara barua. Aliandika kwamba Fundi aliacha mapumziko yake, akazunguka mji mzima Jumamosi, akatengeneza mkanda kwa mpira wa baiskeli, yote kwa ajili ya mzee asiyemjua. Mkuu akanisomea barua ile mbele ya walimu. Walimu wakanipigia makofi. Baada ya miezi nikapandishwa cheo nikawa fundi mkuu wa idara, na msaidizi nikapewa. Kila mwezi nikipokea mshahara nasikia yale makofi.

Mkanda mpya ulipokuja kutoka Ulaya nikautia, mashine ikawa kama zamani. Wafula akaja na tepu yake, ana matumaini. Akaniuliza, "Sasa itanyooka?" Fundi yeyote anajua kwamba sauti iliyonaswa imepinda hukaa imepinda, hata uipige kwenye mashine gani. Mimi nilijua. Nikamwambia, "Huenda, zikija mashine za kisasa zaidi. Itunze." Kwa nini nilisema hivyo? Nilishindwa kumtazama usoni nikamwambia hapana. Nikaongeza uongo juu ya uongo, na yeye akaniamini kwa mara nyingine.

Nilimwambia Mwanasiti kila kitu, siku ya pili ya Idi, tumeketi uani. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Ulipomwambia aendelee, ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. Akainuka akaenda kukoroga uji. Kabla ya hapo, tangu tuoane, alikuwa akiniita Fundi, kwa mapenzi na kwa kujivuna kidogo mbele ya wanawake wenzake. Tangu siku ile ananiita baba Salimu. Watu wa nje hawaoni tofauti yoyote, lakini mimi naiona kila anapofungua kinywa.

Uhuru ulipokuja, Wafula akarudi kwao kufundisha. Tuliagana vizuri. Nikasema moyoni, sasa yamekwisha.

Ndugu zangu mnaokaa nyuma ya madirisha, wenye funguo na mihuri na misumari ya vikaratasi, nawasihi. Mtu akija kwako na pupa, akakosa adabu, mpe haki yake kwanza, kisha mkosoe ukitaka. Hujui ametoka wapi saa ile. Na ukiwa umekwisha kusema uongo wako, mdogo wa hasira, ukatubie siku ileile ungali mdogo. Aibu ya Alhamisi ile ingenichoma siku moja. Pengine ningekaripiwa, pengine ningefukuzwa, lakini leo ningekuwa nimelala. Na wewe fundi mwenzangu, ukiona chombo kimekushinda, sema kimenishinda. Watu watatafuta njia nyingine. Usiwafanye wakae wakikutegemea.

Sasa niwaambie kilichokuja kwenye posta. Ni tepu ileile, imefungwa kwa kitambaa safi, na barua ya Wafula. Anasema amesikia kwamba serikali yetu mpya italeta vyombo vipya vyuoni, basi ameona anirudishie mimi, maana hana mwingine anayemwamini. Anasema mzee yu hai. Anasema baada ya kupoteza sauti, mzee aliomba afundishwe kusoma na kuandika, akiwa na umri ule, ameketi na watoto wa darasa la kwanza na kibao chake, ili apate njia ya kusema na watu.

Ndani ya barua kulikuwa na kipande cha karatasi ya daftari. Kimeandikwa kwa penseli, herufi kubwakubwa, nyingine zimelala ubavu. Wafula anasema ni barua ya kwanza ambayo baba yake ameandika kwa mtu asiye wa nyumbani.

Imeandikwa: FUNDI SHIKAMOO. SAUTI YANGU IMEPONA?

Mzee anayenizidi kwa miaka thelathini ananiamkia mimi shikamoo. Nimejaribu kumjibu mara tatu, kila mara nimechana. Kwa hiyo nimeleta jibu langu hapa, na gazeti likitoka nitaukata ukurasa huu niutie katika kifurushi pamoja na tepu, niwapelekee.

Haijapona, mzee wangu. Haitapona. Nilijua pale kitandani, nikakwambia uendelee.